Bi Mkubwa Anajibu: Wanapata Nini Wanaosoma Torati Kila Siku?

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni kijana mwenye duka la rejareja hapa Morogoro. Toleo lililopita uligusia kwamba kule London ulimhudumia mzee wa Kiyahudi aliyekuwa akisoma Torati kila alfajiri. Kuna mhubiri alituambia kuwa hiyo ndiyo siri ya utajiri wa Wayahudi, kwamba anayeisoma kila siku Mungu humjaza mali. Nimeanza kusoma vitabu vile vitano vya Musa, mwezi wa pili sasa, na duka liko vile vile. Niambie ukweli, wao wanapata nini hasa?

Marahaba mwanangu. Duka litabaki vile vile, na heri nikuambie mimi sasa kuliko ungoje mwaka mzima.

Mzee niliyemhudumia alikuwa fundi wa suti. Alianza kushona ana miaka 15, akastaafu mgongo umepinda, na nyumba aliyoishi uzeeni ilikuwa ya vyumba viwili na jiko. Miaka minane nimelea wazee mitaa ya Golders Green. Nimeingia nyumba za wenye nacho, na nimeingia nyumba ambazo ikifika Alhamisi watu wanachungulia mlangoni kuona kama boksi la chakula cha msaada limeletwa. Huku wanasoma na kule wanasoma. Hilo neno kwamba Wayahudi wote wana fedha ni la zamani sana, na Ulaya limemwaga damu. Tafadhali usilipokee, hata likija kwa sura ya kusifu.

Na vitabu vyao wenyewe vinamkana mhubiri wako. Mafundisho ya wahenga wao yanasema njia ya Torati ndiyo hii: utakula mkate kwa chumvi, utakunywa maji kwa kipimo, utalala chini. Rabi mmoja aliyeitwa Sadoki aliongeza kwamba usiifanye taji ya kujikweza wala jembe la kuchimbia. Musa bin Maimun, mwanachuoni wao mkubwa aliyefariki mwaka 1204, alikuwa tabibu Misri na aliandika kwa ukali kabisa kuwa anayeamua kusoma tu, asifanye kazi, akalishwa kwa sadaka, amelivunjia heshima jina la Mungu. Leo wapo wanaosoma kutwa na kusaidiwa na wenzao, na wenyewe kwa wenyewe wanabishana juu ya jambo hilo, lakini hakuna anayekaa na kitabu akitegemea kitamwagia noti.

Sasa wanapata nini? Asubuhi, mara baada ya dua ya kushukuru kwa kupewa Torati, husomwa kipande kifupi cha Mishna, ule mkusanyiko wa sheria uliokamilishwa kama mwaka 200. Kinataja mambo ambayo mtu anakula faida yake hapa duniani na mtaji unabaki kumngoja huko mbele: kuwaheshimu baba na mama, kutenda wema, kupatanisha mtu na mwenzake. Halafu kinamalizia kwamba kujifunza Torati kunalingana na hayo yote. Wewe ni mfanyabiashara, lugha ya mtaji na faida huhitaji kutafsiriwa. Kuhusu mtaji sina la kusema, sijafika huko. Faida nimeiona ikiliwa, nayo ndiyo nitakayokusimulia.

Nilikuwa nafika saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na wakati wa baridi saa hiyo London ni giza tupu. Mzee nilimkuta ameshanawa kwa kikombe cha shaba chenye mikono miwili, maji mkono wa kulia, wa kushoto, kulia, kushoto, mpaka mara tatu kila mmoja. Nampikia chai, naikamulia limau. Saa kumi na mbili mwenzake anagonga mlango kwa funguo, naye mfamasia mstaafu aliyekaa mtaa wa pili. Kitabu kinafunguliwa mezani, kipana kama sinia. Hicho ni Talmudi. Torati wao huisoma kwa njia mbili: ile iliyoandikwa, na maelezo yaliyopokewa kwa mdomo yakaja kuandikwa baadaye, na Talmudi ndiyo bahari ya hayo maelezo. Maneno ya kale, yaani Mishna na mijadala juu yake, yako katikati ya ukurasa. Upande mmoja yuko Rashi wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105, anakufungulia sentensi moja moja. Upande wa pili wako wajukuu zake na wanafunzi wao, wanampinga babu yao kwa adabu.

Basi wale wazee wanasoma kwa kuimba, wanayumba kidogo, na mzee akifika penye hoja ngumu kidole gumba kinachomoka hewani, kinachota, kinageuka, kama mtu anayetoa nyama kwenye konokono wa baharini. Siku ya kwanza nilisimama na birika mkononi nikajiona niko chuoni kwetu Ngamiani, Tanga, nina miaka saba, tunatikisika mbele ya mwalimu. Tofauti ni kwamba sisi tulinyamaza mwalimu akisema. Wale walipigiana kelele, nami nikadhani nitawaamua. Kumbe ndiyo kusoma kwenyewe. Wanauita havruta, kusoma wawili wawili, na kazi ya mwenzako ni kukukatalia.

Machi 2024 walifika mlango wa Talmudi unaoanza na swali la mtoto: ukiokota kitu njiani, ni chako au utangaze? Mishna inajibu kwa vitu vya sokoni. Matunda yaliyotapakaa ni yako, fedha zilizotapakaa ni zako, samaki waliotungwa kwenye uzi ni wako, mikate ya muokaji ni yako. Lakini matunda yakiwa ndani ya chombo, tangaza. Fedha zikiwa mkobani, tangaza. Sarafu tatu zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine, tangaza. Mikate iliyookwa nyumbani, tangaza. Sababu ni alama. Mikate ya muokaji inafanana yote, aliyeipoteza amekwisha kukata tamaa. Wa nyumbani mwenyewe anaujua kwa macho, tamaa hajakata, kwa hiyo bado ni wake hata kama uko mkononi mwako. Na je, kama hajajua bado kuwa amepoteza, lakini akijua tu atakata tamaa? Hapo Abaye na Rava, wanachuoni wa Babeli wa karne ya 4, walivutana, na wazee wangu wakavutana nao kwa asubuhi mbili nzima. Sheria ilimfuata Abaye. Mfamasia hakufurahi.

Ijumaa ya wiki ile nilimsindikiza mzee kuchukua dawa. Tukirudi, kwenye benchi la kituo cha basi tukakuta mfuko, ndani mikate miwili ya Sabato, ile ya kusukwa, imefungwa kitambaa cha jikoni. Nikasema tuiache kwenye duka lililo karibu. Mzee akafunua kitambaa, akatazama, akasema, "Hii si ya muokaji." Akakaa. Dakika 40, mwanangu, upepo wa Machi, mtu wa miaka 86 na koti lake, analinda mikate. Niliomba, nilinuna, hakunisikiliza. Mwisho akatokea mama mdogo anasukuma kigari cha mtoto, anahema. Mzee hakumpa papo hapo. Alimwuliza, "Alama yake?" Yule dada akasema mmoja una ufuta, mwingine hauna, na ule usio na ufuta umeungua chini. Akaugeuza, umeungua kweli. Walicheka wote wawili, na yule dada machozi yakamtoka, maana jua lilikuwa linakaribia kutua na hakuwa na mikate mingine ya mezani.

Njia nzima ya kurudi mzee alikuwa akiimba ule wimbo wa kusomea. Nimewaona watu wakipokea kiinua mgongo na nyuso zao hazikuwa hivyo. Aliwahi kunitajia mhenga wao aitwaye Ben Azai aliyesema malipo ya amri njema ni amri njema nyingine, na hadi siku ile nilichukua kama maneno ya mimbarini. Kumbe mtu anaweza kusoma jambo Jumatano, Ijumaa likamkuta kituoni, naye akalitambua.

Talmudi inasema mtu akifikishwa hukumuni huulizwa maswali, na la kwanza ni kama alifanya biashara kwa uaminifu. La pili ndiyo kama alitenga nyakati za Torati. Angalia mpangilio wake. Katika kusoma kwako ukifika Mambo ya Walawi sura ya 19 utakuta mizani ya haki na vipimo vya haki. Hapo Torati itakuwa imeingia dukani kwako, na itakuuliza habari ya ile kilo unayopima sukari.

Jambo la pili walilopata wale wazee, na kwangu ni kubwa kuliko yote, ni wao kwa wao. Walikuwa hawafanani kwa lolote, huyu anapenda mpira, huyu anauchukia, na watoto wao hawakuchukuana. Lakini miaka 20 hakuna asubuhi ambayo mmoja wao aliamka bila kungojwa na mtu. Mzee alinisimulia habari za Rabi Yohana na Resh Lakishi, wanachuoni wa Talmudi waliosoma pamoja. Resh Lakishi alipokufa, wakamletea Rabi Yohana mtu mwingine wa kusoma naye. Kila alilosema, yule mpya anamwambia, upo ushahidi wa kukuunga mkono. Rabi Yohana akalia: mwana wa Lakishi alikuwa ananitolea pingamizi 24, nami namjibu majibu 24, na somo linapanuka lenyewe, wewe unaniambia niko sahihi, kwani mimi sijui kama niko sahihi? Akazunguka akilia akimtafuta mwenzake mpaka akili ikamtoka. Mzee alipofika hapo alimtazama mfamasia, akageuza ukurasa haraka.

BARUA YA PILI

Bi Mkubwa, mimi ni mama wa watoto wanne, Mombasa. Binti yangu anauliza kama wanawake wa Kiyahudi nao husoma au ni mambo ya wazee wa kiume tu. Na mimi naongeza langu: sheria, sheria, sheria. Hazichoshi? Furaha iko wapi?

Mwambie binti yako wanasoma, na njia yao haikuwa nyepesi. Kwa karne nyingi Talmudi ilikuwa ya wanaume, na wanawake wengi walibakiwa na dua na yale ya jikoni. Mwaka 1917 fundi cherehani wa Kraków, Poland, jina lake Sarah Schenirer, aliona anawashonea wasichana nguo nzuri na hakuna anayewashughulikia nafsi zao, akaanza kuwafundisha. Alianza na wanafunzi 25 tu. Shule za Bais Yaakov zilizotokana naye zipo mpaka leo katika nchi nyingi. Na Januari 2020, ulipokamilika mzunguko wa kusoma Talmudi nzima, wanawake walijaa ukumbi Yerusalemu kwa maelfu kusherehekea hitimisho lao wenyewe. Binti wa mzee wangu ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, na kila Jumanne usiku anasoma na wenzake watano.

Kuhusu furaha, nitakujibu kwa msiba.

Mzee alifariki Januari 2025. Kwa Wayahudi wafiwa hukaa siku saba kwenye viti vifupi, vazi limechanwa kifuani, majirani wanaleta chakula na kukaa nao. Jambo hilo halikunishangaza, ni kama matanga yetu. Kilichonishangaza ni pale nilipotaka kumpa yule binti kitabu cha baba yake akitazame, nikidhani kitamliwaza. Akarudisha mikono nyuma. "Siruhusiwi wiki hii," akasema. "Mfiwa hasomi Torati. Inafurahisha." Zaburi inasema maagizo ya Mungu huufurahisha moyo, kwa hiyo katika siku saba mfiwa anakatazwa kusoma, isipokuwa yale ya huzuni, kama Ayubu, na sheria za maombolezo zenyewe.

Nilikwenda jikoni nikasimama kidogo. Fikiri, mama. Sisi msibani tunaacha ngoma, tunaacha manukato na hina. Wao pamoja na hayo wanaacha kusoma. Sheria za mizani, za mikate iliyookotwa, za ng'ombe aliyempiga pembe ng'ombe wa jirani, kwao ziko kundi moja na ngoma ya harusi. Yule binti aliniambia Jumanne ile, saa mbili usiku, alitazama saa mara nyingi kuliko siku zote za msiba. Alikuwa na njaa, na haikuwa ya chakula. Ukiniuliza furaha iko wapi, nakuelekeza kwenye kiti kile kifupi.

Wasio wafiwa wao walisoma, na walisoma kwa ajili yake. Kwa Kiebrania neno "Mishna" na neno la "roho" yana herufi zile zile zikipangwa vingine, basi rafiki za marehemu hugawana Mishna, vitabu 63, kila mmoja anachukua chake, wakamilishe yote kabla ya siku ya 30. Orodha ilibandikwa ukutani, watu wanaandika majina. Mfamasia alipita akaweka jina lake kwenye Bava Metzia, kile chenye mlango wa vitu vilivyookotwa, kisha akarudi kukaa bila kumtazama mtu.

Na kitabu kikimalizika huwa ni sherehe, kama hitima yetu, kwa keki, samaki wa kuwekwa chumvi na glasi ndogo ndogo. Husoma maneno ya kukiaga kitabu kwa jina lake kama mtu anayeagana na rafiki stesheni: tutarudi kwako nawe utarudi kwetu, fikra zetu ziko kwako na fikra zako ziko kwetu, hatutakusahau nawe hutatusahau, si katika dunia hii wala katika ijayo. Siku ya 30 niliyasikia yakisomwa mbele ya kiti chake kitupu. Sijui Kiaramu, lakini nilifahamu.

BARUA YA TATU

Shikamoo. Dereva wa matatu, Nairobi. Naondoka saa kumi alfajiri, narudi saa nne usiku. Hao watu wanapata wapi muda? Na huku kwetu Afrika Mashariki wapo wanaosoma hivyo?

Marahaba. Nianze na la pili maana ni fupi. Wapo. Nairobi kwenu lipo sinagogi, karibu na katikati ya jiji. Na upande wa Uganda, vilima vya karibu na Mbale, wako Abayudaya, watu wa hapo hapo, ambao mwaka 1919 kiongozi wao Semei Kakungulu aliyesoma vitabu vya Musa kwa Kiganda aliamua kuvifuata kama vilivyo. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao walishika kwa kujificha. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipewa daraja hilo Marekani mwaka 2008. Sehemu ya Torati inayosomwa Jumamosi kilimani pale ndiyo hiyo hiyo inayosomwa karibu dunia nzima wiki hiyo, na ikikamilika kwa mwaka wanarudia kuanzia mwanzo siku hiyo hiyo.

Kuhusu muda, aliyewafunga watu kwenye kalenda ni rabi mmoja wa Poland, Meir Shapiro. Mwaka 1923, kwenye mkutano huko Vienna, alipendekeza kila Myahudi popote alipo asome karatasi moja ya Talmudi kwa siku, mbele na nyuma, na wote karatasi ile ile. Wanaiita Daf Yomi. Karatasi ni 2,711, na mzunguko mmoja unachukua miaka saba na miezi mitano. Mzunguko wa 13 ulipokaribia kumalizika, tarehe 1 Januari 2020, uwanja wa mpira New Jersey ulijaa watu kama 90,000. Lakini mimi napenda zaidi habari ya treni ya Long Island iendayo Manhattan: tangu miaka ya 1990 kuna watu hukaa behewa la mwisho, mmoja anafundisha, wengine wamefungua vitabu magotini, na treni ikiingia stesheni karatasi ya siku imekwisha. Ni watu wa ofisini, wana haraka kama abiria wako. Wewe uliye kwenye usukani huwezi kufungua kitabu, lakini kuna dakika unazongoja gari lijae.

Hileli, mwalimu wao wa zamani, alisema usiseme nitasoma nikipata nafasi, huenda usiipate. Naye alijua anachosema. Alikuwa kibarua, ujira wa siku nusu anampa bawabu wa nyumba ya kusomea, nusu analisha familia. Siku aliyokosa kazi bawabu alimzuia, akapanda juu ya paa asikilize kupitia dirisha la mwanga, theluji ikamfunika, asubuhi waalimu wakaona chumba kina giza wakatazama juu.

Mzee wangu mwenyewe alianza karatasi ya siku mwaka 2005, ana miaka 67, wiki aliyofunga cherehani. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba isipite siku. Wiki zake za mwisho wodini mfamasia alimsomea kwa simu, nami namshikia simu sikioni. Mara nyingine mistari mitatu, minne, hana nguvu ya kuendelea. "Leo tumesoma," anasema, anafumba macho.

Alikuwa na tabia ya kuandika mwezi na mwaka kwa penseli pembeni mwa kitabu, kila alipoufikia mlango mpya. Pale kwenye mlango wa vitu vilivyookotwa ziko tatu, moja chini ya nyingine: Mei 2009, Oktoba 2016, Machi 2024. Mlango ule utarudi Agosti 2031. Kitabu binti yake alimpa mfamasia, na chini ya ile tarehe ya tatu pana nafasi ya kutosha.